Kura Tatu za 1958 Zikitazamwa Kutoka Buha

Septemba 1958 baadhi ya watu wa Tanganyika walichagua kwa kura, kwa mara ya kwanza, wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, chombo kilichokuwapo tangu 1926 kikijazwa na watu walioteuliwa na Gavana. Majimbo matano yalitangulia, mengine matano yakafuata Februari 1959. Jimbo la Magharibi lilikuwa miongoni mwa yaliyotangulia. Makao yake yalikuwa Tabora, na ndani yake zilikuwamo Nzega, Kahama, Mpanda, Kigoma, Kasulu na Kibondo. Nchi yote ya Buha, yaani nchi ya Waha, kuanzia Buyungu hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, iligawana na Unyamwezi na wengine viti vitatu tu.

Uchaguzi huo hukumbukwa kwa jina la kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na karatasi yenye pungufu ya hapo ilihesabiwa kuwa imeharibika. Hotuba za maadhimisho na masomo ya historia hukomea hapo, kwenye rangi za wagombea. Safu hii inashika msimamo mwingine. Sharti la kura tatu lilikuwa baya, lakini liligeuzwa na wapiga kura wenyewe katika duru ya kwanza tu. Lililoumiza zaidi, na ambalo halisemwi vya kutosha, ni sharti lililoamua nani aitwe mpiga kura. Kasulu na Kibondo ni mahali pazuri pa kuliona hilo, kwa sababu katika nyanda hizi, ziliko leo kata kama Rungwe Mpya, mtu mzima wa kawaida mwenye shamba, familia na risiti ya kodi hakuwa na mlango wa kuingilia kwenye daftari.

Masharti yenyewe yaliandikwa hivi. Mpiga kura awe ametimiza miaka 21 na awe ameishi Tanganyika miaka mitatu kati ya mitano iliyopita. Juu ya hayo atimize moja kati ya mambo matatu: awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe amesoma hadi darasa la nane, au awe ameshika wadhifa uliotajwa na sheria. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000, yaani shilingi 250 kila mwezi. Kwa kipimo hicho walijiandikisha watu takriban 59,000 katika nchi ambayo sensa ya 1957 iliikuta na watu karibu milioni 8.8. Hawafiki mtu mmoja katika kila mia.

Ichukue hesabu hiyo uipandishe Buha. Kipato kwanza. Mkulima wa maharage, mahindi na ndizi huku juu aliishi kwa mavuno yake, na fedha taslimu aliitafuta mbali ili alipe kodi ya kichwa. Aliyetaka fedha alikwenda kwenye mkonge wa Tanga. Tangu 1944 SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuandikisha vibarua, ilichukua watu kutoka nyanda hizi kwa maelfu, na manamba wa Kiha walijulikana kambi hadi kambi, Korogwe hadi Muheza. Huko mtu alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku aliyomaliza kukata mafungu aliyopangiwa iliwekewa alama, siku aliyoumwa au aliyoshindwa kumaliza haikuwekewa kitu, na mshahara haukutoka mpaka alama 30 zitimie, hata kama kwa kalenda ni zaidi ya mwezi. Kibarua huyo alikuwa mbali sana na shilingi 250 kwa mwezi. Kwa mlango wa kipato, mkata mkonge alikuwa nje kabisa, na ni mkonge huohuo uliokuwa ukiongoza mauzo ya nchi ng'ambo.

Mlango wa pili ulikuwa shule. Elimu ya Mwafrika wakati ule ilikatwa vipande: darasa la kwanza hadi la nne kwa waliobahatika, kisha shule ya kati, darasa la tano hadi la nane, kwa wachache waliochujwa. Katika Buha nafasi hizo zilikuwa chache mno, nyingi zikiwa mikononi mwa misheni kama ile ya Kabanga. Kulikuwa na sababu za kihistoria. Miaka ya 1930 ugonjwa wa malale uliifanya serikali ihamishe watu wa Kibondo na Kasulu na kuwakusanya katika makazi mapya, na eneo kubwa likabaki pori la ndorobo. Serikali ilizoea kuitazama Buha kama ghala la nguvu kazi. Hakukuwa na zao la biashara la kuwapa wakulima nguvu, kama kahawa ilivyowapa Wachagga na Wahaya au pamba ilivyowapa Wasukuma, na bila zao hilo hapakuwa na vyama vikubwa vya ushirika wala ada za kusomeshea watoto hadi darasa la nane. Mtoto aliyefikia umri wa shule mwaka 1940 Muhambwe huko Kibondo au Heru huko Kasulu ndiye ambaye 1958 alitakiwa aoneshe cheti ambacho nchi haikumpa nafasi ya kukipata.

Mlango wa tatu, wadhifa, uliwafaa watawala na watu wa mabaraza. Hapa Buha ilikuwa na sura yake. Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru tangu miaka ya 1940, alijulikana nchi nzima miongoni mwa machifu. Chini ya bami, yaani watawala wa jadi wenye cheo cha mwami, walikuwapo watwale, na chini ya watwale vijumbe wa vijiji. Kwa hiyo ukiuliza nani hasa angeweza kuandikishwa Kasulu au Kibondo mwaka 1958, masharti yenyewe yanakujibu: mwami na watwale, makarani wa boma, walimu, wauguzi wa misheni, wafanyabiashara wenye maduka, na Wazungu wachache wa serikali na wa dini. Mkulima aliyewalisha wote hao hakuwamo. Mkewe hakuwamo kwa umbali mkubwa zaidi, maana shule za wasichana zilikuwa adimu kuliko za wavulana na fedha ya nyumba, ikiwapo, iliandikwa kwa jina la mume.

Mpango huu haukuzuka hewani. Mwaka 1955 Gavana Edward Twining alianzisha baraza lenye usawa wa rangi: wajumbe kumi Waafrika, kumi Waasia, kumi Wazungu, wote wa kuteuliwa. Wazungu nchini walikuwa karibu 20,000, Waasia na Waarabu kwa pamoja kama 100,000, na Waafrika zaidi ya milioni nane. Wazo la kumtaka mpiga kura mmoja achague watu wa rangi tatu lilitokana na uchunguzi wa Profesa W. J. M. Mackenzie, aliyetumwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kutazama mambo ya katiba. Hoja ilikuwa kwamba mgombea anayehitaji kura za rangi zote atalazimika kuwa mtu wa kiasi. Twining aliitegemea hoja hiyo, na chama cha UTP (United Tanganyika Party) kilichoundwa 1956, Ivor Bayldon akiwa mwenyekiti, kilijengwa juu yake.

Hoja ilikuwa na kasoro ya hesabu. Chukua jimbo la mfano lenye wapiga kura 1,000: Waafrika 600, Waasia 250 na Wazungu 150. Wagombea wawili Wazungu wanasimama. Wa kwanza anapendwa na Wazungu wote na Waasia wote, anapata 400. Wa pili hana hata kura moja ya Mzungu mwenzake, lakini Waafrika wote wameelekezwa kwake, anapata 600 na kiti ni chake. Kwa kuwa daftari lilikuwa moja na kila mtu alilazimishwa kuchagua wote watatu, kundi kubwa lililojipanga lilichagua mjumbe wake na wa wengine pia. Hata baada ya ule mchujo mkali wa kipato na shule, Waafrika bado walikuwa wengi kuliko wengine daftarini. Sharti lililotungwa ili kumpoza Mwafrika likampa ufunguo wa viti vyote thelathini.

TANU, chama kilichopigania uhuru, iliiona hesabu hiyo, lakini haikukubaliana nayo kirahisi. Mkutano wake wa mwaka ulikutana Tabora Januari 1958, katika jimbo letu hili la Magharibi, na mjadala wa kushiriki au kususia ulikaribia kukivunja chama. Waliotaka kususia walikuwa na haki ya kukasirika: chama kilichodai kura kwa kila mtu mzima kilikuwa kikiombwa kiingie uwanjani kwa masharti ya mtawala. Kiongozi wa chama, Julius Nyerere, alisimama upande wa kushiriki, na kura ikapita. Uamuzi huo umebaki na jina la Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu alijitoa akaunda African National Congress, chama cha Waafrika watupu. Katika uchaguzi wenyewe hakupata kitu, na 1962 aliposimama kugombea urais dhidi ya Nyerere alipata kura 21,276 wakati mwenzake alipata zaidi ya milioni moja na laki moja.

Wagombea walioungwa mkono na TANU walivuna karibu viti vyote. Chama kilikuwa bado hakijafungua uanachama kwa wasio Waafrika, hivyo kilichagua Wazungu na Waasia wa kuwaunga mkono na kuwaambia wafuasi wake majina. Sophia Mustafa aliingia barazani kutoka Jimbo la Kaskazini, Amir Jamal kutoka Jimbo la Mashariki. Lady Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa mkulima Iringa, naye aliingia kwa mkono wa TANU. Duru ya pili ilipofika Februari 1959, wengi walipita bila kupingwa, maana UTP ilikuwa imekwisha nguvu. Julai 1959 mawaziri watano walitoka miongoni mwa wajumbe wa kuchaguliwa: Chifu Abdallah Fundikira wa Tabora, George Kahama, Solomon Eliufoo, Amir Jamal na Derek Bryceson.

Ushindi huo ulikuwa mkubwa na ulistahili kusherehekewa. Lakini tazama ukubwa wa watu walioupiga. Katika Jimbo la Mashariki, Nyerere mwenyewe alipata kura zipatazo 2,600, na mpinzani wake Patrick Kunambi, mmoja wa waasisi wa TANU wa 1954 waliokwenda njia nyingine, alipata kama 800. Kiti kilichompeleka barazani kiongozi wa taifa kiliamuliwa na watu takriban 3,400 katika jimbo zima la Morogoro na pwani yake. Mwezi mmoja kabla, Agosti 1958, Nyerere alikuwa ametiwa hatiani mahakamani Dar es Salaam kwa makala yaliyowakashifu maofisa wa wilaya katika jarida la Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Kiasi hicho ndicho kilekile sheria ilichomtaka mtu akipate kwa mwaka mzima ili aitwe mpiga kura. Wanachama walichanga, na wengi wa wachangaji hao hawakuwa na haki ya kupiga kura mwezi uliofuata. Mwandishi wa safu hii haoni namna ya kuueleza uchaguzi wa 1958 bila kuliweka jambo hilo mbele: jeshi kubwa la TANU lilikuwa nje ya kituo cha kura.

Upo upotoshaji wa kwanza unaorudiwa mno, kwamba mwaka 1958 kila rangi ilichagua watu wake. Hiyo ilikuwa Kenya. Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliwachagua Waafrika wenzao wanane, akina Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi, katika daftari lao peke yao, tena kwa utaratibu uliompa mwenye elimu na mali kura zaidi ya moja, hadi tatu. Tanganyika ilikuwa na daftari moja na mtu mmoja hakuzidi uzito wa mwingine akishaandikishwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini Nairobi siasa ziliendelea kupangwa kwa rangi miaka kadhaa zaidi, wakati Dar es Salaam baraza la 1959 lilikuwa tayari na Wazungu na Waasia wanaojibu kwa wapiga kura Waafrika.

Upotoshaji wa pili unasikika hata kwa watu wasomi: kwamba mkulima asiyejua kusoma hakuwa tayari kupiga kura, na kwamba mchujo ulikuwa wa lazima kwa wakati wake. Dunia ya wakati huohuo inakataa. India ilifanya uchaguzi wake mkuu wa kwanza 1951 na 1952 kwa kura ya kila mtu mzima, wengi wao wasiojua kusoma, wakitumia picha za alama za vyama. Na kwa watu wa Kasulu na Kibondo ushahidi ulikuwa karibu zaidi. Septemba 1961 majirani wa Burundi, ambao lugha yao na Kiha zinasikilizana, walichagua bunge lao kwa kura ya watu wazima, na chama cha Uprona cha Mwanamfalme Louis Rwagasore kikachukua viti 58 kati ya 64. Mkulima wa Ruyigi au Kasulu, shamba ni lilelile na jembe ni lilelile. Aliyemwona mmoja anafaa na mwingine hafai alikuwa akitazama ramani ya watawala. Tanganyika yenyewe ilithibitisha hilo 1965, wagombea wa ubunge ndani ya chama kimoja walipopewa alama ya jembe na ya nyumba na mamilioni wakaandikishwa bila kuulizwa cheti, na wapiga kura wakawaangusha mawaziri, akiwamo Paul Bomani kule Mwanza. Mwaka huohuo Jamal na Bryceson walirudi bungeni kwa kura za Waafrika bila sharti lolote la rangi kuwasaidia.

Wapo pia wanaosema Buha ililala wakati wengine wakipigania uhuru. Hoja hiyo inapima ushiriki kwa orodha ya wapiga kura na wagombea, na orodha hiyo ilifungwa. Kadi ya TANU haikuuliza darasa. Muha aliyekuwa Tanga aliona migomo ya mashamba ya mkonge ya mwishoni mwa miaka ya 1950, akajua Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi lililoundwa 1955 na katibu wake mkuu Rashidi Kawawa, na akarudi nyumbani na habari hizo. Kumhukumu kwa kura ambayo sheria ilimnyima ni kumwadhibu mara mbili.

Afadhali hapa msomaji atazame ng'ambo kidogo, kwa sababu Marekani ya miaka hiyo inaonesha jinsi tamthilia ya matokeo inavyoweza kuficha mlango wa daftari. Mwaka 1948 jimbo la Texas lilikuwa likimtafuta mgombea wa Democratic wa kiti cha Seneti, na katika duru ya pili ya mchujo Lyndon Johnson alimshinda Coke Stevenson kwa kura 87 kati ya karibu milioni moja. Sanduku namba 13 la mji mdogo wa Alice, kaunti ya Jim Wells, lilitoa kura za nyongeza siku kadhaa baada ya uchaguzi, na vitabu havijaisha kuandikwa kulihusu. Ni kisa kizito na kinastahili kuandikwa. Lakini Texas wakati ule ilimtaka mtu alipe kodi ya kura kabla ya kuruhusiwa kupiga, na maskini, weusi kwa weupe na Wameksiko, walibaki nyumbani kwa maelfu mengi kuliko zile 87. Kodi hiyo ilipigwa marufuku katika chaguzi za kitaifa mwaka 1964 kwa Marekebisho ya 24 ya Katiba, na mitihani ya kusoma iliyotumiwa kuwazuia weusi katika majimbo ya kusini ilibanwa na Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965. Johnson mwenyewe, akiwa rais, ndiye aliyeitia saini sheria hiyo. Kwa hiyo Mmarekani mweusi wa Mississippi na Muha wa Muhambwe, mwaka 1958, walizuiwa kwa kipimo cha jamii moja: fedha na shule ambazo serikali ileile haikuwapa.

Mabadiliko ya Tanganyika yalikwenda haraka, na hilo ni sifa kwa walioyapigania. Kwa uchaguzi wa Agosti 1960 kipato kilishushwa hadi pauni 75, na anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza aliruhusiwa. Daftari likaruka hadi watu 885,000. TANU ikachukua viti 70 kati ya 71, na kile kimoja kilikuwa Mbulu, ambako Herman Sarwatt aliyesimama kama mgombea huru alimshinda mgombea wa chama. Lakini ni viti 13 tu vilivyokuwa na ushindani. Viti 58 vilijazwa bila kupigiwa kura, na kati ya wale 885,000 walioandikishwa waliofika vituoni walikuwa kama 121,000. Watu wengi wa Tanganyika waliandikishwa kwa mara ya kwanza na hawakuitwa kupiga. Kwa wengi wao kura ya kwanza ilikuja Novemba 1962, ya kumchagua Rais, nchi ikiwa imekwisha kuwa huru karibu mwaka mzima.

Kwa nini jambo la zaidi ya miaka 60 lisumbue safu ya leo? Kwa sababu mlango wa daftari haujaacha kuwa suala la Kigoma. Leo sharti si cheti wala shilingi 250 kwa mwezi. Katiba inataka uraia na miaka 18. Ila katika mkoa unaopakana na Burundi na unaotazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, uliohifadhi wakimbizi katika kambi za Nyarugusu huko Kasulu na Nduta huko Kibondo, kuthibitisha uraia kumekuwa mzigo unaowaangukia Waha kuliko Watanzania wengi. Malalamiko ya watu wa Kigoma kuhojiwa asili yao, kucheleweshewa vitambulisho vya taifa na kutakiwa wataje babu alizaliwa wapi yamesemwa bungeni na wabunge wao mara nyingi. Serikali ina haki na wajibu wa kulinda daftari lisiingiliwe na wageni. Hata hivyo kipimo kinachoonekana sawa kwa wote kwenye karatasi kinaweza kumlemea mtu wa mahali fulani kwa sababu ya historia ya mahali hapo, na hilo ndilo hasa lililotokea 1958. Mtu wa Dodoma akikosa cheti cha kuzaliwa huaminiwa kwa jina la kijiji chake. Mtu wa Kitanga au Makere, mwenye jina linalofanana na la Mrundi, huombwa ushahidi zaidi.

Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipozindua uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura Julai 2024, ilianzia Kigoma. Ulikuwa uamuzi mzuri na ungeweza kuzaa utaratibu wa kudumu. Kwanza, ushahidi wa kijiji upewe uzito unaojulikana na ulioandikwa. Serikali za vijiji vya Kasulu na Kibondo zina madaftari ya wakazi, na nyingi zinaweza kufuatilia familia hadi wakati wa Operesheni Kigoma ya 1972, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya maendeleo. Kumbukumbu hizo zitengenezewe fomu moja, zitiwe sahihi na mtendaji na wazee wa kitongoji, na anayekataa kuzipokea alazimike kuandika sababu. Pili, pingamizi dhidi ya jina la mtu zisikilizwe karibu naye. Mwananchi wa Rungwe Mpya hapaswi kupanda basi siku mbili kutetea jina lake katika daftari, kwa sababu gharama ya safari ni kama ile kodi ya kura ya Texas. Tatu, Tume ichapishe kwa kila kata idadi ya walioandikishwa kando ya idadi ya watu wazima waliohesabiwa katika sensa ya 2022, ili pengo lionekane mapema na liulizwe kabla ya kampeni kuanza.

Upande wa elimu, walimu wa historia wanaweza kuanza bila kusubiri mtaala mpya. Somo la uchaguzi wa 1958 lianzie kwenye daftari, kisha ndipo lije kwenye kura tatu. Mwanafunzi wa sekondari Kasulu apewe yale masharti, apewe hali ya shule na kazi za Buha wakati huo, na aambiwe atafute katika ukoo wake ni nani angeandikishwa. Atajifunza katiba, hesabu na historia ya nyumbani kwao kwa kipindi kimoja. Vitabu vya kumbukumbu vya wilaya vya wakati wa ukoloni na majalada ya uchaguzi yaliyohifadhiwa Nyaraka za Taifa vitolewe nakala kwa ajili ya maktaba za Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe. Si haki kwa mwanafunzi wa Muhambwe kusafiri hadi Dar es Salaam kusoma habari za babu yake.

Mashahidi nao wanaisha. Aliyetimiza miaka 21 Septemba 1958 alizaliwa 1937 au kabla, na leo, akiwa hai, anakaribia miaka 90 au ameipita. Wapo walimu wastaafu, wapo waliokuwa makarani vijana wa mabaraza ya bami, wapo waliorudi kutoka mkonge na kipande bado kwenye sanduku la bati. Halmashauri ya wilaya ikiwatuma vijana wachache wa chuo wenye simu za kurekodia, waanzie kata za mbali: nani aliandikishwa kijijini, nani aliandika majina, sanduku la kura lililetwa na nani, na mtu aliyekataliwa aliambiwa nini kwa Kiha.